Nyigu anayemfuata chenene hadi ku shimo: namna Florida ilivyookoa malisho yake

Leo tunaongea juu ya mdudu anayekula mdudu, na juu ya kazi iliyochukua miaka 25 mbele watu waanze kusema kwamba imefaulu. Wale wa agronomia watajua sehemu ya habari hii. Wale wa sheria na ekonomia wasikimbie, juu ku mwisho swali la nani analipa litakuwa lao.

Fikiria wewe ni mfugaji. Uko na mamia ya hektari za majani, ng'ombe wako wanakula humo mwaka mzima. Siku moja unaona majani yanakuwa manjano, yanakauka kwa mapande, na ng'ombe akikanyaga, jani linang'oka na mizizi yake yote kama vile halikupandwa. Unatafuta mdudu juu ya majani, hauoni kitu. Adui yuko chini ya udongo, anatoka usiku tu. Dawa uliyokuwa unatumia serikali imeikataza. Unafanya nini?

Hiyo haiko mfano wa kubuni. Njo hali ya wafugaji wa Florida, ku kusini mashariki ya Marekani, katika miaka ya 1970.

Adui mwenyewe ni chenene, ule mdudu vitabu vya Kifaransa vinaita courtilière. Ni ndugu wa nyenje na panzi, lakini ameumbwa kwa ajili ya kuchimba. Miguu yake ya mbele ni mipana, migumu, na meno kama koleo. Ana urefu wa karibu sentimita 3. Mchana anakaa ku shimo, usiku anatembea katika njia anazochimba karibu na uso wa ardhi, na dume anaimba. Anachimba hata mlango wa shimo lake kwa umbo la baragumu ili sauti itoke kubwa na majike wanaoruka waisikie kutoka mbali. Mukumbuke hiyo baragumu, tutairudilia.

Florida ina chenene mmoja wa asili ambaye hasumbui mtu. Wabaya ni watatu wengine, wa jenasi iliyoitwa Scapteriscus, na wote ni wageni kutoka Amerika ya Kusini. Waliingia karibu na mwaka 1900 kupitia bandari za kusini mashariki, na wataalamu wanafikiri walikuja ndani ya udongo uliokuwa unapakiwa katika meli ili zisiyumbe. Meli inafika, udongo unamwagwa pembeni ya bandari, chenene anatoka na kuanza maisha mapya. Nyuma yake, kule Argentina, Uruguay na Brazil, aliacha kila kitu kilichokuwa kinamuua.

Hapo njo sababu yote ya habari hii. Mdudu akiwa kwao, ana maadui: nyigu fulani, nzi fulani, minyoo fulani, magonjwa. Wanakula naye kwa maelfu ya miaka, na hesabu yake inabaki chini. Mdudu akisafirishwa peke yake, maadui wanabaki ku nyumba. Huko anakofika hakuna anayemjua. Anazaa, anaenea, na watu wanaanza kununua sumu.

Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo. Majani yenyewe ambayo wafugaji wa Florida walipanda kwa wingi, yanayoitwa bahia, yametoka vilevile Amerika ya Kusini. Kwa hiyo ukitazama malisho ya pale katika miaka ya 1970, unaona majani ya kigeni yanaliwa na mdudu wa kigeni, juu ya udongo wa Marekani, bila mwenyeji hata mmoja wa kusuluhisha. Mmoja kati ya wale chenene watatu anakula mizizi na majani moja kwa moja. Mwingine anapenda zaidi kuwinda wadudu wadogo, lakini njia zake zinalegeza udongo, unakauka, na mizizi inabaki ku hewa. Kwa mfugaji hasara ni ileile.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa klorodani. Ilikuwa dawa kali, bei yake si mbaya, na ilikuwa inabaki ku udongo muda mrefu sana. Mfugaji aliona hilo kuwa uzuri wake: unaweka mara moja, unasahau. Lakini dawa inayobaki ku udongo inaingia pia ku minyoo, ku ndege, ku maziwa, na ku mafuta ya mwili wa mtu. Katika miaka ya 1970 Marekani ikaikataza kwa mashamba, na mwaka 2001 klorodani ikawekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa Stockholm, pamoja na DDT na sumu zingine ambazo hazikubali kufa. Dawa zilizofuata zilikuwa zinaisha nguvu upesi, tena bei yake iko juu. Mtu wa kiwanja cha golf anaweza kulipa. Mfugaji wa ng'ombe wa nyama, ambaye hektari yake inamuletea pesa kidogo sana, hawezi kumwaga dawa ya bei ile kila mwaka. Angefunga kazi.

Basi mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Florida kikaanza programu ya utafiti juu ya chenene, kwa pesa za serikali ya jimbo. Programu ile iliendelea hadi 2004. Watu wawili ambao majina yao yanarudi kila mara katika maandishi yake ni Thomas Walker, mtaalamu wa wadudu wanaoimba, na Howard Frank, mtaalamu wa kutumia maadui wa asili.

Kazi yao ya kwanza haikuwa nyigu. Ilikuwa kuhesabu. Walitengeneza vyombo vya elektroniki vinavyotoa wimbo wa chenene dume kwa sauti kubwa kuliko dume mwenyewe, wakaviweka juu ya mitego karibu na mji wa Gainesville. Majike wanaoruka usiku wanasikia wimbo, wanashuka, wanaanguka ndani. Asubuhi mtu anahesabu, anaandika. Kila usiku, mwaka kwa mwaka. Kazi ya kuchosha kabisa! Lakini bila vitabu vile vya hesabu hakuna mtu angeweza kusema kisha kama nyigu alifanya kazi ama ilikuwa tu miaka ya mvua kidogo. Nasisitiza hapa juu ninaona TFC nyingi ambazo zinaanza kupima kisha kazi kufanyika, halafu mwanafunzi anashangaa juu ya nini jury inamuuliza "ulilinganisha na nini?"

Kazi ya pili ilikuwa jina. Kwa miaka mingi chenene mbaya kuliko wote wa Florida aliitwa jina la jamaa yake wa Puerto Rico, na watu walifikiri ametoka visiwani kule. Ukikosea jina la mdudu, unakosea kwao. Ukikosea kwao, unaenda kutafuta adui wake mahali ambapo hayuko. Walker na mwenzake walirekebisha jambo hilo mwaka 1981, na macho yakageukia kusini ya Amerika ya Kusini. Wale wanaocheka kozi ya sistematiki, eti ni kukariri majina ya Kilatini, wakumbuke hilo.

Sasa tufike ku nyigu.

Mbele ya yote tutofautishe maneno mawili. Kupe anakunywa damu ya ng'ombe, lakini ng'ombe akifa kupe naye amepoteza chakula. Huyo ni kimelea wa kawaida. Nyigu tunaoongea hapa wako na tabia ingine. Jike anataga yai juu ama ndani ya mdudu mwingine, mtoto anatoka, anamla yule mdudu akiwa hai, na ku mwisho anamuua. Kila mtoto mmoja wa nyigu ni maiti moja ya mdudu. Wataalamu wanamuita parasitoidi ili asichanganywe na kupe. Nyigu wakubwa walishaji, ndugu zake wale wanaotuchoma tukitikisa kiota, wako na maisha mengine kabisa. Huyu wetu hajengi kiota, na hana hamu na watu.

Jina lake Larra bicolor. Ana urefu wa karibu sentimita 2, mwili mweusi, tumbo jekundu, mabawa ya rangi ya moshi. Amerika ya Kusini ni kwao, na anachowinda ni chenene tu. Asubuhi jike anatembea juu ya ardhi upesi upesi, anagusagusa udongo kwa papasi zake, anatafuta njia ya chenene. Akiipata, anaingia. Fikiria: mdudu wa kuruka anaingia ndani ya shimo la mnyama mkubwa kumpita, mwenye koleo mbili mbele.

Chenene akimsikia hapigani. Anakimbia, na mara nyingi anatoka nje juu ya ardhi, mahali ambapo hana nguvu. Nyigu anamfuata, anamrukia, anamchoma upande wa chini. Sumu inamlegeza chenene kwa dakika chache tu. Katika dakika zile nyigu anataga yai moja, daima mahali pamoja, upande wa tumbo, katikati ya miguu ya kwanza na ya pili. Hapo hata chenene akiamka hawezi kujikuna. Kisha nyigu anaenda zake.

Chenene anaamka. Anatikisika, anachimba, anarudi ndani ya udongo na kuendelea kula kama vile hakuna kitu kilichofanyika. Yai linaanguliwa kisha siku chache, buu anatoboa ngozi na kuanza kunyonya kutoka nje. Anakua, anabadilisha ngozi, na katika muda wa majuma mawili hivi chenene amekwisha kufa na kuliwa. Buu anajifunga ndani ya ganda la chembe za udongo. Wakati wa joto, mzunguko wote kutoka yai hadi nyigu mpya unachukua majuma sita hadi nane. Wakati wa baridi anangoja ndani ya ganda.

Munaona uzuri wa mpango huo? Dawa inamwagwa juu na kutumaini itashuka. Nyigu anashuka mwenyewe. Tena mzigo wake anaupa chenene aubebe hadi chini.

Lakini mambo hayakuenda sawa mara ya kwanza. Nyigu huyu alikuwa amekwisha kupelekwa Puerto Rico katika miaka ya 1930, kutoka Belém, kaskazini ya Brazil. Basi Florida ikachukua njia fupi: mwaka 1981 wakatoa nyigu Puerto Rico na kuwaachilia mahali mbalimbali. Walikufa karibu pote. Walishika tu Fort Lauderdale, kusini kabisa kwenye joto, na hata pale hawakupunguza chenene kwa namna ya kuonekana.

Wengine wangeandika ripoti kwamba Larra haifai na kufunga dosie. Programu ile ikauliza swali lingine: ni Larra haifai, ama ni Larra wa Belém hafai? Belém iko karibu na ikweta. Kaskazini ya Florida kuna baridi ya kweli, hata barafu usiku fulani. Mwaka 1988 na 1989 wakaleta nyigu wa aina ileile, jina lilelile, lakini kutoka Santa Cruz de la Sierra katika Bolivia, kusini zaidi. Wakawaachilia Gainesville. Miaka michache ikapita, na katika miaka ya 1990 wakawaona wamekaa imara. Kutoka pale wakaenea, wengine wenyewe, wengine wakibebwa na watu wa chuo, hadi sehemu kubwa ya Florida, kisha Georgia, Alabama na pwani ya Mississippi. Spishi ni moja, lakini kwao kukiwa tofauti, matokeo yanakuwa tofauti kabisa. Kwangu mimi hiyo njo sehemu yenye mafundisho kuliko zote.

Jambo lingine lililochelewa kueleweka ni chakula cha nyigu mzima. Buu anakula chenene, lakini mama yake anakunywa maji matamu ya maua, na anachagua maua. Anapenda sana kichaka kimoja chenye maua madogo meupe kinachoitwa Spermacoce verticillata. Mahali ambapo maua yale yako karibu, chenene wengi zaidi wanapatikana na yai tumboni. Basi wafugaji wakashauriwa wapande kidogo pembeni ya malisho. Sasa tuseme ukweli: kichaka kile si cha asili ya Florida, na kinaweza kuenea kama gugu. Unamfukuza mgeni mmoja kwa mgeni wa pili, kisha unamlisha mgeni wa pili kwa mgeni wa tatu. Wengine wakapendekeza maua ya wenyeji, kama vile jamii fulani ya kunde yenye maua ya manjano, hata kama nyigu hayapendi sana kama yale meupe. Mimi ningekuwa upande wao.

Nyigu hakufanya kazi peke yake, na si haki kumpa sifa zote. Mwaka 1988 waliachilia pia nzi mmoja kutoka Brazil, Ormia depleta. Huyu ana masikio. Anasikia wimbo wa chenene dume usiku, ule wa baragumu, anashuka pale na kuweka watoto wake walio hai juu ya mwimbaji na pembeni yake. Ile sauti ya kuita bibi inaita kifo. Na kutoka Uruguay walileta nematodi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, Steinernema scapterisci, inayoingia mwilini mwa chenene na kuachilia bakteria wanaomuua. Nzi alishika kusini na katikati ya jimbo, kaskazini hakuweza. Nematodi inakaa ku udongo pote inapowekwa, lakini inasafiri polepole sana. Nyigu anaruka. Kila mmoja alijaza nafasi ya mwenzake.

Matokeo? Mitego ya nyimbo karibu na Gainesville, iliyohesabiwa zaidi ya miaka 20, ilionyesha chenene wamepungua kwa karibu 95%. Hawakuisha, na haikuwa shabaha kuwamaliza, juu wakiisha wote nyigu naye anakufa njaa na mwaka unaofuata unaanza upya. Walibaki wachache, na maadui wao wakabaki pamoja nao. Walker na Frank waliandika mwaka 2006 kwamba udhibiti huo ni wa kudumu.

Sasa woga. Kila mara nikieleza habari hii, kuna mtu anauliza: nyigu akimaliza chenene, atageukia nini? Ni swali zuri, na si la kujibu kwa kucheka. Kwa Larra jibu lilitafutwa mbele ya kumwachilia. Yule chenene wa asili wa Florida, asiye na hatia, ni wa jenasi ingine, na Larra bicolor hawezi kulea mtoto wake juu yake. Yule wa asili ana nyigu wake mwenyewe, wa kienyeji. Majaribio yalifanyika katika karantini, milango miwili, hakuna kinachotoka.

Lakini si pote mambo yalikuwa safi hivyo. Tuangalie New Zealand, nchi inayoishi kwa malisho. Mwaka 1982 waliachilia kule nyigu mdogo sana, Microctonus aethiopoides, aliyetoka Morocco, ili kupigana na fukusi wa majani ya luserni. Alifaulu kazi yake, lakini kisha akapatikana ndani ya fukusi wengine pia, wakiwemo wa asili ya nchi ile, na hata ndani ya fukusi mmoja ambaye watu walimleta makusudi kula magugu. Yaani mfanyakazi wa serikali anamla mfanyakazi wa serikali.

Mwaka 1996 ikaonekana shida mpya, fukusi wa mizizi ya klova, Sitona obsoletus. Klova, ile trèfle, njo inayotengeneza azoti ya bure kwa malisho ya New Zealand, kwa vinundu vya mizizi yake. Mabuu ya fukusi huyu yanaishi ku udongo na yanaanza kwa kula vinundu vile vile. Klova inakufa, mfugaji ananunua urea. Yule nyigu wa Morocco alikuwa tayari nchini, lakini kwa fukusi huyu hakuweza. Watafiti wakaenda Ulaya, na kutoka Ireland wakapata kabila lingine la nyigu yuleyule. Wote ni majike, wanazaa bila dume. Hilo halikuwa bahati tu. Kama wangeleta kabila lenye madume, lingechanganyika na wale wa Morocco na watoto wangekuwa dhaifu kwa kazi. Jike asiyehitaji dume hachanganyiki na mtu. Waliachiliwa mwaka 2006, wakaenea, na fukusi akashuka.

Tofauti na Larra, nyigu huyu haingii ku udongo. Anamvizia fukusi mzima anapokula majani juu, anaweka yai ndani yake, na fukusi yule anaacha kutaga. Mabuu ya chini yanapungua juu mama zao wamefungwa kizazi.

Na hapa kuna neno la kutia wasiwasi. Ndugu wa nyigu huyo, Microctonus hyperodae, aliletwa New Zealand mwaka 1991 kupigana na fukusi mwingine kutoka Argentina, anayeharibu shina la majani ya malisho. Yeye pia anazaa bila dume. Miaka ya kwanza alifaulu sana. Kisha nguvu yake ikashuka mwaka kwa mwaka, na mwaka 2017 watafiti walichapisha kwamba fukusi amejenga upinzani. Fukusi anazaa kwa dume na jike, kila kizazi anachanganya jeni, anajaribu njia mpya. Nyigu anarudia mama yake tu. Kitu kilekile kilichokuwa faida dhidi ya fukusi wa klova kilikuwa udhaifu dhidi ya fukusi wa Argentina. Tena malisho ya kisasa ya pale ni ya aina chache sana za majani na maadui wachache, kwa hiyo fukusi hakuwa na mtu mwingine wa kuogopa. Kwa hiyo neno "kudumu" tulitumie kwa adabu.

Sisi Wakongomani hatuko wageni ku habari hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pande zote mbili za mto, Kinshasa na Brazzaville, kalionekana kadudu keupe kama unga juu ya mihogo. Nacho kilitoka Amerika ya Kusini, bila maadui wake. Vichwa vya mihogo vikajikunja, sombe ikakosekana, mizizi ikabaki midogo, na balaa ikaenea kutoka kwetu hadi karibu nchi zote za Afrika zinazokula muhogo. Mwaka 1981 adui wake akapatikana Paraguay, nyigu wa milimita 2 hivi, na kituo cha IITA kule Ibadan, na Mswisi Hans Herren mbele, kikamlea na kumwachilia, sehemu zingine hata kwa ndege. Herren alipata tuzo ya chakula ya dunia mwaka 1995. Fufu munayokula leo ina deni kwa kadudu ambako hamujawahi kukaona.

Sasa lile swali la pesa, kwa wana ekonomia. Nematodi ya Florida ilizalishwa ku kiwanda na kuuzwa, juu mfugaji anaweza kuinunua kwa hektari yake. Nyigu haiuzwi. Kwanza kumlea ni bei, kila mtoto anataka chenene wake mzima aliye hai. Pili, ukimuuzia mfugaji mmoja, mwaka unaofuata nyigu amevuka ua hadi kwa jirani ambaye hakulipa kitu. Hakuna kampuni itaweka franga hapo. Njo maana kazi hizi zote, Florida, New Zealand, Ibadan, zililipwa na serikali ama wafadhili. Nchi isiyo na labo ya umma na karantini ya kweli haiwezi kuzifanya, hata kama ina maingenia wa agronomia kila mtaa.

Na mtu asiniambie tulete Larra bicolor hapa. Chenene wetu wa Afrika ni wa jenasi Gryllotalpa, wako kwao, na maadui wao wako nao. Tunachokosa ni kujua hesabu yao. Na hiyo haihitaji franga nyingi. Florida wanafanya hivi: ndoo ya maji, sabuni ya maji ya kuosha vyombo kidogo, unachanganya, unamwaga polepole juu ya mita ya mraba moja ya majani, asubuhi mapema ama jioni, udongo ukiwa na unyevu. Unangoja dakika tatu. Chenene aliye chini anatoka mwenyewe. Unamhesabu, unampima, unamgeuza na kutazama katikati ya miguu ya kwanza na ya pili kama kuna yai ama buu limeshika pale. Unaandika tarehe, mahali, aina ya majani. Kisha unasogea hatua kumi na kumwaga ndoo ingine.